Deni Bila Shahidi: Historia ya Kukopa Dukani Kitui na Makueni

Deni la dukani limeandikwa mara chache sana katika historia ya Ukambani, yaani nchi ya Wakamba ambayo leo imegawanyika katika kaunti za Machakos, Kitui na Makueni, ingawa ni nadra kupata kaya ambayo haijawahi kuwa nalo. Wanahistoria wamechunguza misafara ya pembe, njaa, mabishano ya mifugo na vijana walioingia jeshi la King's African Rifles, lakini daftari la mwenye duka wameliacha palepale lilipo, chini ya kaunta, likiwa na madoa ya mafuta ya taa. Makala haya yanalichukua daftari hilo na kuliuliza swali moja: deni lilipozaliwa, nani alikuwapo? Kwa zaidi ya karne moja jibu lilikuwa kwamba walikuwapo watu wasiopungua wawili, mkopeshaji na mkopaji, na mara nyingi majirani kadhaa. Ni tangu ununuzi ulipohamia kwenye simu ndipo ilipowezekana mtu kufunguliwa akaunti ya mkopo, yaani mapatano ya kuchukua bidhaa leo na kuilipia kwa awamu, huku mwenyewe akidhani kwamba amenunua tu.

Kabla ya duka kulikuwa na mifugo. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma moja, kwa kuwa ukame, maradhi au uvamizi ungeweza kumfilisi kwa msimu mmoja; aliwagawa kwa jamaa na marafiki waliokaa mbali, nao wakawachunga, wakanywa maziwa yao, na pengine wakapata ndama kwa kazi hiyo. Huo ulikuwa mkopo wa kweli, na uliweza kuwapita umri wahusika wenyewe, wana wakirithi madai na wajibu wa baba zao. Haukuandikwa popote. Ulilindwa na macho ya waliomwona mnyama akitoka zizi hili na kuingia zizi lile, na ubishi ulipozuka shauri lilikwenda kwa nzama, baraza la wazee, ambalo liliposhindwa kuupata ukweli kwa maneno ya mashahidi liliweza kuamuru kiapo cha kithitu. Kithitu ni fungo la vitu vilivyoaminiwa kuwa na nguvu ya kumwangamiza aapaye uongo, na hofu yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata mabaraza ya kisheria ya wakati wa ukoloni yalikubali kitumike kukata mashauri yaliyoshindikana. Kwa hiyo deni lisilo na shahidi lilikuwa jambo la kutisha, lenye kulazimisha kuitwa kwa nguvu zisizo za kibinadamu.

Biashara ya mbali haikuwa ngeni kwa Wakamba. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara yao ilishusha pembe za ndovu Mombasa na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba, na mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Kitui mwaka 1849, alimkuta huko Kivui, mfanyabiashara mkubwa ambaye miaka miwili baadaye aliuawa na wanyang'anyi akiwa safarini pamoja na Krapf huyohuyo kuelekea mto Tana. Misafara ya Waarabu na Waswahili iliyoishika njia hizo baadaye iliendeshwa kwa mikopo ya matajiri wa Kihindi wa Unguja na Mombasa. Pwani hadi leo bidhaa inayotolewa kwa ahadi ya kulipwa baadaye huitwa mali kauli, na jina hilo linaeleza dhamana yake barabara, kwa sababu kinachomfunga mkopaji ni kauli aliyoitamka mbele ya aliyemwamini.

Sura chungu zaidi ya kukopa ilikuja na njaa kubwa ya mwisho wa karne hiyo, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, iliyofuatana na ndui kati ya 1898 na 1900. Mwanahistoria Charles Ambler, aliyeichunguza kwa kina, ameonyesha jinsi familia zilizokwisha kumaliza mifugo zilivyowaweka wasichana na wanawake kuwa rehani kwa kaya za nyanda za juu, kwa Wakikuyu na Waembu, ili zipate chakula, zikitumaini kuwakomboa mvua zikirudi. Wengi hawakukombolewa, wakaolewa hukohuko. Mambo hayo yanatajwa hapa kwa sababu ni rahisi kwa mwandishi wa leo kuutukuza mkopo wa kale kwa kuwa ulikuwa na mashahidi, hali mashahidi hao hawakuufanya kuwa wa haki. Waliufanya ujulikane tu.

Reli ya Uganda ilikuwa ikipita katika njaa hiyohiyo. Mwaka 1898 mataruma yalilazwa katika ardhi ambayo leo ni Makueni, na vituo vya Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, kile kilichopewa jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Unguja, vikawa mbegu za masoko. Wauza duka wa Kihindi walifuata reli, wa kwanza wao wakiwa mawakala wa matajiri kama Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyefungua maduka mengi kandokando ya njia hiyo, kisha wakapenya ndani hadi kwenye boma la serikali la Kitui na vituo vidogo vya mbali. Mwaka 1901 ilikuja kodi ya nyumba. Mkulima aliyekuwa na mtama na mbuzi lakini hana rupia alilazimika kuitafuta sarafu, na aliyekuwa nayo karibu naye ni mwenye duka, aliyenunua ngozi, asali, nta na nafaka kwa bei yake mwenyewe, akauza kitambaa cha marekani na chumvi kwa bei yake vilevile.

Mwenye duka huyo naye alikuwa mdaiwa. Bidhaa zilizojaa rafuni mwake alipewa kwa mkopo wa miezi miwili au mitatu na muuza jumla wa Nairobi au Mombasa, ambaye naye alikuwa amekopeshwa na nyumba kubwa za uagizaji, na hivyo kipande cha kitambaa kilichokatwa Mutomo kilikuwa kimekwisha kupita katika madeni matatu au manne kabla ya kufika begani mwa mnunuzi. Hesabu ziliandikwa kwa Kigujarati katika vitabu virefu vya jalada jekundu, ambavyo kila mwaka wakati wa Diwali vilifungwa na vipya vikafunguliwa kwa ibada. Hapo ndipo ufa wa kwanza ulipoonekana. Mkopaji Mkamba alijua kwamba anadaiwa, kwa maana alisimama pale na kuomba, lakini hakuweza kusoma alichoandikiwa. Na rupia ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na shilingi kuchukua nafasi yake, rupia moja ikihesabiwa kuwa shilingi mbili, alilazimika kuamini kwamba hesabu yake ya zamani imegeuzwa sawasawa. Kuwapo kwa deni kulikuwa na mashahidi wawili, ila kiasi chake kilikuwa na mmoja tu.

Serikali ya kikoloni ililitazama jambo hili kwa jicho la mlezi asiyewaamini watoto wake. Chini ya sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika ya mwaka 1948, deni la Mwafrika lililozidi shilingi 200 halikuweza kudaiwa mahakamani ila kwa mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa na ofisa wa utawala. Tanganyika nayo ilikuwa na sheria za namna hiyo tangu miaka ya 1920. Hoja iliyotolewa ni kwamba Mwafrika akingwe asizame katika madeni, lakini matokeo yake yalikuwa kumfungia mlango mfanyabiashara Mwafrika aliyetaka kupewa bidhaa za jumla kwa mkopo kama alivyopewa mshindani wake Mhindi, na yaliwaumiza hasa askari waliorudi kutoka Burma na kwingineko baada ya 1945, wengi wao Wakamba, waliotaka kutumia akiba zao kufungulia maduka sokoni. Sheria hiyo ilikuwa ya ubaguzi, na haistahili kuliliwa. Ila katika ubaya wake lilikuwamo sharti moja ambalo warithi wake walilisahau, nalo ni kwamba kabla ya deni kubwa kumfunga mtu, mtu wa tatu asiyenufaika nalo alipaswa kuhakikisha kwamba anajua anachotia sahihi au dole gumba.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara vijijini, duka la soko la Ukambani lilipata mwenyewe mpya, na daftari lake likawa kaunta buku ya kawaida, kile kitabu kirefu cha mistari chenye jalada gumu, kilichofungiwa kalamu kwa uzi. Kurasa zake zinastahili kutazamwa kwa karibu. Juu huandikwa jina ambalo mdaiwa huitwa mtaani, si lile la kitambulisho, kwa mfano Mama Mwende au Fundi wa Baiskeli, na chini yake hushuka mistari mifupi: sukari nusu, majani, mafuta ya kupima, kiberiti. Mwenye duka husoma kwa sauti anapoandika, na walioketi kwenye benchi ya nje husikia. Siku ya kulipa, ukurasa hugeuzwa upande wa mdaiwa aone, kisha mstari mmoja mrefu huchorwa kutoka pembe hadi pembe, na deni hufa mbele ya walewale waliolishuhudia likizaliwa. Aibu ilikuwa sehemu ya dhamana, na aliyezoea kukopa bila kulipa alikuta siku moja kibao ukutani kikimwambia kwamba leo hakuna mkopo, aje kesho.

Daftari hilo lilifuata mvua. Mvua zinazotegemewa zaidi Kitui na Makueni ni za Oktoba hadi Desemba, na mavuno ya ndengu, ambazo pwani huitwa pojo, na ya kunde hufika mwanzoni mwa mwaka, wakati uleule wa karo za shule. Kurasa zilinenepa kuanzia Septemba na kupungua Februari, na mwenye duka mzoefu alijua nani ana shamba, nani ana mtoto anayefanya kazi Nairobi au Mombasa, na nani hana vyote viwili. Mvua zilipokosekana, maarifa hayo yote hayakufaa kitu. Njaa ya 1984 imebaki katika kumbukumbu ya Wakamba kwa jina la Nikwa Ngwete, maana yake ninakufa nikiwa nazo, yaani mkononi mna fedha lakini dukani hamna chakula. Mwaka huo deni halikuwa na kazi, kwa sababu hapakuwa na cha kukopa.

Wakati huohuo mkopo wa aina nyingine ulikuwa umekwisha kuingia, nao ni ununuzi wa kukodi, ambao mnunuzi huchukua cherehani, baiskeli, redio au seti ya viti, akalipa kidogokidogo, na mali ikabaki ya muuzaji hadi awamu ya mwisho. Bunge la Kenya liliuwekea sheria mwaka 1968, iliyoeleza kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, muuzaji hawezi tena kuja kubeba kitu chake ila kwa idhini ya mahakama. Wateja waliopendwa zaidi walikuwa walimu, kwa kuwa mshahara wao ulikatwa moja kwa moja kabla haujawafikia. Mwalimu wa Tawa au Migwani aliona deni lake kila mwisho wa mwezi katika hati ya mshahara, na fomu aliijaza kwa mkono wake, ingawa ni wachache waliosoma upande wa nyuma.

M-Pesa, huduma ya kutuma na kupokea fedha kwa simu, ilianza Machi 2007, na kwa watu ambao ndugu zao walitafuta riziki mijini ilikuwa neema isiyohitaji kuelezwa. Mwaka 2012 ilizaa mambo mawili yaliyogusa moja kwa moja historia ya deni. La kwanza ni M-Shwari, huduma ya kuweka na kukopa kwa simu bila kumwona ofisa wa benki. La pili ni kampuni ya M-Kopa, ambayo iliuza taa za jua kwa malipo ya kianzio na kisha shilingi 40 kwa siku kwa muda wa mwaka mmoja hivi, ikitumia kifaa ambacho huzimwa kutoka mbali mlipaji anapochelewa. Katika vijiji vya Kitui na Makueni visivyofikiwa na nyaya za umeme taa hizo zilipokewa kwa furaha, na jina lenyewe lilikuwa na uaminifu wa kupendeza, maana liliweka neno kukopa wazi usoni. Mwaka 2020 simu za kisasa nazo zikaanza kuuzwa kwa shilingi 20 kwa siku chini ya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo.

Hatua iliyobadilisha mambo ilipigwa Januari 2019, ilipoanzishwa huduma ya Fuliza ndani ya M-Pesa. Katika kamusi, kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kukoma. Katika mazungumzo ya Wakenya sasa ni kulipia kitu kwa fedha usizokuwa nazo. Mteja hujisajili mara moja, na tangu siku hiyo malipo yakizidi salio lake, pengo huzibwa kwa mkopo wenye ada ya asilimia 1 pamoja na ada ya kila siku, na shilingi yoyote itakayoingia baadaye hukatwa kwanza kulipia pengo hilo. Ada hizo zilipunguzwa mwishoni mwa 2022, lakini utaratibu ulibaki. Tendo la kununua na tendo la kukopa, ambayo katika kaunta buku yalitenganishwa na kauli ya kuomba na muda wa kalamu kutafutwa, yaliunganishwa yakawa moja. Ridhaa ilitolewa siku moja ya nyuma, pengine kwa haraka, na deni likazaliwa siku nyingine kabisa.

Duka la mtandaoni lilikamilisha safari hiyo. Mnunuzi wa Wote au Mwingi huchagua bidhaa itakayomfikia kwa matatu ya jioni au kumsubiri kwenye kituo cha kuchukulia mizigo, kisha hukutana na ukurasa wa malipo wenye njia kadhaa: kulipa sasa, kulipa mzigo ukifika, au kulipa polepole. Namba ya simu na ya kitambulisho zilikwisha kujazwa katika ununuzi uliotangulia. Njia ya tatu mara nyingi ndiyo yenye rangi inayong'aa zaidi, na huambatana na ahadi ya punguzo kwa atakayeichagua. Maelezo yako kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo, na kitufe cha mwisho kimeandikwa neno la kuendelea, pasipo kutajwa mkopo. Anayebonyeza huku akisoma kwa mwanga wa jua, au akisaidiwa na mjukuu, anaweza kuwa amefungua akaunti. Hujua pale unapoingia ujumbe wa kumpongeza kwa kiwango cha mkopo alichokubaliwa.

Kosa hilo ni gumu kurekebisha kwa sababu muuzaji na mkopeshaji ni watu wawili tofauti. Katika mpango wa nunua sasa ulipe baadaye, mkopeshaji humlipa muuzaji papo hapo, na tangu hapo mnunuzi hadaiwi tena na duka. Kurudisha bidhaa, kwa nauli yake mwenyewe hadi Nairobi, hakufuti deni mpaka muuzaji na mkopeshaji wapatane kati yao. Hata nchi zenye uzoefu mrefu wa mikopo zimejikwaa hapa. Nchini Marekani, Mei 2015, Ofisi ya Ulinzi wa Fedha za Watumiaji iliishtaki kampuni ya PayPal ikidai kwamba watu wengi waliokuwa wakijaribu kufungua akaunti ya kawaida au kulipia ununuzi waliandikishwa katika huduma yake ya mkopo bila kujua, na kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 25, kati yake milioni 15 zikiwa za kuwarudishia wateja.

Sheria ya Kenya haikukosa maneno. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 humtaka muuzaji wa mtandaoni ampe mnunuzi nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa mapatano, na ya kusahihisha makosa kabla hayajamfunga. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni msimamizi wa wakopeshaji wa simu. Katika pengo hilo mashahidi walirudi, ila walirudi upande usiofaa wa deni: baadhi ya programu za mikopo zilinakili majina yaliyomo katika simu ya mkopaji, na alipochelewa kulipa zikawapigia mama mkwe, mchungaji na mwajiri wake. Katika duka la kijijini majirani walijua deni likizaliwa na hivyo waliweza kumshauri mtu asikope. Hapa waliambiwa lilipokwisha kuoza. Marekebisho ya Sheria ya Benki Kuu ya 2021 na kanuni za Machi 2022 yaliwaweka wakopeshaji hao chini ya leseni na kukataza vitisho na kupigia watu wa orodha ya mawasiliano, na sheria nyingine ya Desemba 2024 iliongeza mikononi mwa Benki Kuu wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwamo wa nunua sasa ulipe baadaye.

Kaunta buku haijatoweka. Katika masoko ya Kathonzweni na Ikutha, kama kwingineko Ukambani, mwenye duka anayepokea malipo kwa simu huendelea kuwaandikia wateja wake wa zamani kwa kalamu, na wapo wanaolipendelea daftari kwa sababu halitozi ada ya kila siku. Lakini ukurasa uliochorwa mstari umefungwa, ilhali akaunti ya simu hubaki wazi deni likishalipwa, jina la mtu likiwa ndani yake, na deni ambalo hakujua kwamba analo linaweza kumwandikisha katika ofisi za kumbukumbu za mikopo, zile zinazowaarifu wakopeshaji nani hulipa na nani halipi. Tangu Aprili 2020 deni lililo chini ya shilingi 1,000 halimpeleki mtu kwenye orodha mbaya ya ofisi hizo. Ofisi zenye leseni ni tatu na zote ziko Nairobi, lakini ombi la mtu kuona ripoti yake hupokelewa kwa simu, na kila Mkenya ana haki ya kupewa ripoti hiyo mara moja kwa mwaka bila malipo.